Nembo Chini ya Kitenge

Kwaya ya akina mama wa usharika wetu, huku kwenye miteremko ya Mlima Meru, ndiyo iliyokuwa mteja wetu mkubwa wa kwanza. Sare yao ni kitenge, lakini safari hii walialikwa kuimba mbali, wangeondoka asubuhi ya baridi, wakaagiza na traksuti.

Dada yangu alizishona kwenye fremu yake, kijiduka cha ushonaji kule mtaa wa Kijenge. Mimi, mwenye digrii na bila ajira, nilichora nembo: kilele cha Meru ndani ya duara. Niliiweka kwenye suruali, chini kidogo ya goti, ili ionekane kila wakipiga hatua.

“Msomi, mguuni?” dada aliuliza. “Hao ni mama zetu.”

Sikumwelewa. Nilichowaza ni kwamba kwaya hii ikizipenda, na nyingine zitaagiza. Zikikataliwa, dada atarudi kushona kaptula za shule peke yake, nami nitarudi kutuma barua za maombi ya kazi.

Siku ya safari niliwahi kanisani. Akina mama wakatokea wamefunga zipu za jaketi hadi shingoni, na kila mmoja amejifunga kitenge kiunoni mpaka kwenye vifundo. Hakuna nembo hata moja iliyoonekana. Nikaanza kutunga maneno ya kumwambia dada.

“Shikamoo, mama,” nilimwamkia mwenyekiti wao.

“Marahaba, mwanangu. Mbona umenuna kama umenyimwa bakuli la loshoro?”

“Suruali hazijawapendeza?”

“Si tumezivaa! Ila mchungaji atuombee safari tumesimama na suruali? Unataka mama mkwe wangu azimie?”

Wenzake wakacheka. Mimi nilijaribu tu kucheka.

Mama mmoja wa usharika wa jirani, aliyekuwa akipita na mkungu wa ndizi kichwani, akasimama, akitazama pindo za suruali zilizochungulia chini ya vitenge. “Hee! Humo ndani mmevaa nini?”

Mwenyekiti akatazama mlango wa kanisa. Mchungaji alikuwa ameshaingia ndani. Akapandisha kitenge hadi gotini, akageuza mguu taratibu.

“Mlima wetu huu. Joto lake sasa! Muulize kijana huyu.”

Yule mama akautua mkungu. “Na sisi tuna kwaya,” aliniambia. “Mnashona hata za wanene?”

Nikampigia dada simu.

“Wamezikubali?” aliuliza kabla sijamsalimia.

“Wamezivalia ndani ya vitenge.”

Alicheka sana. “Nilikwambia. Sasa nembo tuihamishie kifuani?”

Nikamtazama mwenyekiti, aliyekuwa bado ameshika kitenge chake juu.

“Hapana,” nikasema. “Iache hapohapo.”