Fizikia imemsafisha babu aliyechapwa viboko enzi za Mjerumani

Wakuu, salaam. Nina hasira na nina furaha kwa pamoja, na sijaongeza chumvi hata punje.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, naishi Makole, narudia fizikia ya form four kama private candidate.

Kwetu kuna aibu ya tangu enzi za Mjerumani. Babu yake bibi alikuwa anasukuma matoroli ya kokoto, reli inajengwa hapa Dodoma. Siku moja kalisukuma toroli limejaa, likashika kasi, akaliachia. Likagonga toroli tupu lililosimama, yakanasana, mwendo ukapungua.

Mnyapara akasema babu kalivuta kwa nyuma makusudi. Akachapwa mbele ya watu. Bibi aliyaona makovu.

Mpaka leo shemeji yangu kila sherehe: "Wapisheni ukoo wa wavuta toroli!" Utani tu, nacheka. Ndani nachemka.

Juzi mwalimu wa tuition kaandika ubaoni: toroli la kilo 600, mwendo mita 4 kwa sekunde, linagonga tupu la kilo 200 lililosimama, yananasana. Tafuta mwendo.

Jamani! Nikavuta daftari.

Kabla ya kugongana: 600 mara 4, momentum ni 2400. Lililosimama, sifuri. Baada ya kugongana ni ile ile 2400, ila sasa inabeba kilo 800. Gawanya.

Mita 3 kwa sekunde!

Wenzangu walitumia energy, wakakosa. Yakinasana, energy nyingine inaishia kwenye joto na kelele. Msiingie huo mtego.

Matoroli ya babu yalikuwa na uzito wake, lakini kanuni ni moja. Mwendo ulipungua na hakuna mtu aliyevuta kitu!

Jumapili, kipaimara huko Msalato, shemeji akaanza. Nikamwambia, "Shemeji, kaa hapo." Nikachora kwa mkaa sakafuni, mtoto mgongoni.

Akakodoa macho. "Kwa hiyo lilipunguza mwendo lenyewe?"

"Lenyewe!"

"Sasa mimi nitakutania na nini?"

Watu wakaangua kicheko. Bibi hakucheka.

"Mjukuu wangu, vile viboko vilikuwa vya bure?"

"Vya bure, bibi."

"Hebu irudie hiyo hesabu."

Nikairudia. Akataka tena.

Funzo langu: ukitupiwa lawama, piga kwanza hesabu ya kabla na ya baada. Mwenye swali la momentum lililomshinda aliweke hapa, leo nina moto.