Maneno Niliyomwongezea Bibi

Nilipokuwa bado mtoto wa kuaminiwa ndoo ya maji lakini si wa kuaminiwa maneno, bibi yangu alinituma ujumbe mmoja, nami nikaufikisha ukiwa mrefu kuliko alivyonipa. Watu wa mikoa mingine wakijua ninatoka Sumbawanga hunitania, wananiuliza kama nimebeba radi ya kichawi kwenye mkoba. Mimi hucheka nao, kwani nitafanyaje? Kuwaeleza kisa chenyewe kungeharibu chai ya watu.

Kijiji chetu kiko mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka mjini, juu uwandani, mahali ambapo upepo haukutani na kitu isipokuwa majani na nyumba zetu. Bibi, mama yake baba, alikaa katika nyumba ndogo ya tofali mbichi, katikati ya nyumba za wanawe wawili. Upande wa juu tulikaa sisi, na baba yangu alikuwa mwenyekiti wa tawi la chama tawala. Upande wa chini alikaa mdogo wake, baba mdogo Wensi, na mkewe, mama mdogo Sesilia. Baba mdogo alikuwa amejiunga na chama kipya, mwaka uleule ambao vyama vingi vilishindana kwa mara ya kwanza.

Uchaguzi wenyewe ulikuwa wa kumpata mbunge, mtu wa kutusemea Dodoma, na ya kusemewa tulikuwa nayo tele. Serikali ilikuwa imeacha kununua mahindi yetu. Mbolea ilikuwa imepanda bei hadi watu waliishia kuitazama tu dukani, na wale wafanyabiashara binafsi tulioambiwa wangekuja na malori walikuwa hawajaonekana. Kila nyumba ilikuwa na mahindi ya mwaka uliopita yakitafunwa na dumuzi. Hata hivyo simkumbuki mtu mmoja aliyeuliza habari ya mahindi. Kwetu sisi uchaguzi ulikuwa kati ya baba na baba mdogo, na wao hata hawakuwa wagombea.

Mgombea mmoja alikuja na gari lililojaa vumbi, akapanda juu ya dawati la shule, akaanza kueleza habari za soko la mahindi na barabara ya kwenda mpakani Kasesya. Hajafika mbali, mtu akamkatiza, akamtaka atamke mbele ya wote bendera ya nani iko juu. Yule bwana akaitazama milingoti miwili, wetu na wa baba mdogo, akacheka, akasema ya chama chake. Akapigiwa vigelegele, akaingia garini. Hatukumwona tena.

Maana hiyo ndiyo iliyokuwa kampeni ya kwetu. Baba mdogo alianza kwa kupandisha bendera juu ya mwanzi. Baba akajibu kwa mkaratusi mrefu aliouchagua mwenyewe msituni kwa wamisionari. Baba mdogo akaunganisha miwili. Baba akaunganisha miwili mirefu zaidi. Mwishowe baba mdogo alikwenda kwenye mradi wa maji uliokufa zamani, akang'oa mabomba matatu ya chuma, akayaunga, akayasimamisha uani pake. Kwa sababu ya upepo aliyafunga kwa waya pande tatu, na waya mmoja akaukaza kwenye boriti ya nyumba yake.

Mama mdogo Sesilia hakuwa mwanamke wa kuacha waya mzuri ukae bure. Kesho yake alianika nguo. Alisema chama kipya angalau kimeshamletea kamba ya nguo, kile cha zamani hakikumletea hata hiyo. Nilimpenda sana mama mdogo, na nilikuwa nimekatazwa kumwamkia. Tukikutana kisimani nilikuwa nainamisha kichwa, naye ananong'ona nikimpita kwamba marahaba, ameisikia shikamoo ya moyoni.

Bibi hakuwa na chama. Alichokuwa nacho ni hofu ya mvua ya kwanza. Kwake mvua ya kwanza ilikuwa na macho, inatoka ziwani na hasira za kiangazi kizima, ikitafuta kitu kinachojiinua peke yake. Wingu likipanda tu alifunika kioo kwa khanga, akatuvua chochote chekundu, akatutoa mlangoni. Wanawe alishawaambia wote wawili washushe milingoti kabla ya mwezi kwisha. Baba alicheka. Baba mdogo alimwambia amwachie mambo ya siasa. Alipomwendea mara ya pili hata kiti hakupewa, kwani siku hizo kila aliyeteremka kutoka upande wetu alihesabiwa mpelelezi.

Ndipo akanituma mimi. Alikuwa anapepeta ulezi, nakumbuka makapi kwenye nyusi zake. Akanishika bega.

"Nenda kwa baba yako mdogo. Mwambie mama anakuomba, shusha mlingoti kabla ya mvua ya kwanza, mtu asije akaumia."

Basi. Maneno mafupi ya mzazi mwenye wasiwasi. Njiani niliyarudia mpaka nikayashika yote.

Nilipofika, kiwanja kilikuwa kimejaa wanaume wa chama kipya, kama kumi hivi. Mmoja akauliza kama binti wa mwenyekiti ametumwa kuhesabu kofia zao za chama, wote wakacheka, baba mdogo naye akacheka. Hicho ndicho kilichoniuma, kwa sababu yeye alizoea kunibeba begani. Nilisikia masikio yanawaka. Nikataka wanyamaze, na nikajua nikisema "mama anakuomba" watacheka zaidi.

Nikasema, "Bibi anasema ushushe mlingoti. Usiposhusha, mvua ya kwanza itaua mtu hapa nyumbani kwako."

Walinyamaza. Niseme ukweli wangu hapa, maana nimeuficha miaka mingi: nilifurahi. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na moja na nilikuwa nimewanyamazisha wanaume kumi kwa sentensi moja, wa chama cha maadui wa baba. Baba mdogo alisema nikamwambie mama kwamba hawatishwi. Nilirudi nikamwambia Bibi kuwa wamekataa, nikaishia hapo.

Siku ya nne, jioni jua likiwa bado juu, wingu moja jeusi lilipanda kutoka upande wa ziwa. Nilikuwa kwa Bibi. Alifunika kioo, akanivuta kutoka mlangoni, na nilipokuwa navutwa nilimwona mama mdogo Sesilia akitoka mbio kwenda kuanua nguo. Halafu kila kitu kikawa cheupe. Mlio ulikuja palepale, si kama ngurumo, ni kama nyumba yote imepasuliwa kwa shoka. Bibi ndiye aliyefika wa kwanza. Mama mdogo alikuwa amelala chini ya waya, shuka moja bado mkononi. Bibi alimwita jina lake la ubatizo, kisha jina la Kifipa alilompa siku alipoolewa, na hakuitika kwa lolote.

Mvua haikunyesha. Lile wingu lilipita hivihivi. Na radi isiyo na mvua, kwetu, haikuhesabiwa kuwa ya Mungu, bali ya kutumwa na mchawi.

Leo mwanangu wa sekondari anaweza kunieleza kwa dakika mbili bomba la chuma na waya vinafanya nini chini ya wingu. Siku ile hakuna aliyelitazama bomba. Watu waliyatazama maneno. Wanaume kumi walikuwa wameyasikia kwa masikio yao, kwamba mama wa mwenyekiti amesema mvua ya kwanza itaua mtu pale, na imeua. Kwa nini mlingoti wa baba, ule wa miti, haukuguswa? Na yule bibi kizee alifikaje wa kwanza kwa miguu ile? Kwenye matanga alipakua chakula, akawapelekea wazazi wa mama mdogo. Sahani zilirudi kama zilivyokwenda. Baba mdogo hakumtazama mama yake usoni, wala hakumtukana. Ningependa angemtukana.

Siku mbili baada ya mazishi nilishindwa kulala na kula. Nilimfuata baba nyuma ya ghala, alipokuwa akifukuza dumuzi kwenye magunia, nikamwambia yote. Kwamba Bibi aliomba tu mtu asiumie, na maneno ya kuua niliyaongeza mimi. Nikasimama nikingoja fimbo. Fimbo ningeipokea kwa furaha.

Baba aliweka gunia chini. Aliuliza, "Umemwambia nani mwingine?"

Nikasema hakuna.

"Basi nyamaza. Tumalize kura kwanza."

Sikuelewa. Nilikuja kuelewa taratibu, kwa macho. Wanaume wa chama kipya walianza kupita njia yetu ya juu na kumwamkia baba kwa mikono miwili. Kofia zao zilipotea. Mmoja aliyekuwa akituimbia nyimbo za matusi alileta kuku, akasema ni wa watoto. Wenzake baba wa tawi walimuuliza mbele yangu kama kweli mama ana mkono mzito kiasi hicho. Baba hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alitabasamu, akawakaribisha togwa. Siku ya kura, chama chake kilipata karibu kijiji kizima. Mbunge alikwenda Dodoma, na mahindi yetu yakaendelea kuwa unga kwenye magunia.

Nikamngoja baba aseme sasa, maana kura zimekwisha. Alisema watu watasahau wenyewe. Nadhani aliamini hivyo. Nadhani pia alikuwa amechelewa na alijua, kwa sababu kusema ukweli wakati ule kungekuwa kukiri kwamba aliujua tangu mwanzo.

Mvua zilipokolea na majani kuwa marefu, ukafika wakati wa matuta. Kwetu majani hayachomwi. Yanafukiwa kwa jembe chini ya udongo, tuta kwa tuta, yaoze yalishe shamba. Ni kazi ambayo mtu mmoja haiwezi, kwa hiyo unapika pombe ya ulezi, unawaita watu, wanalima mpaka saa sita, kisha wanakunywa. Hata asiyekupenda huja, kwani wiki ijayo naye ataita. Sijawahi kusikia mtu aliyeita akakosa watu.

Bibi alipika vyungu vitano. Siku ile nilikaa kwenye kizingiti chetu nikitazama. Alipanga vibuyu, akaketi kando yake akiwa amevaa khanga safi. Jua likapanda. Watu walipita na majembe kwenda kwingine, kwa njia ya mbali. Baba mdogo alipita nao. Baba yangu alikuwa ameondoka alfajiri, ana kikao mjini. Nilipoinuka nikanywe mimi, walau kibuyu kimoja, mama alinikamata mkono akaushika mpaka ukaniuma, na alikuwa analia. Ilipofika jioni Bibi aliinua chungu kimoja kimoja akamwaga pombe chini ya migomba, akakisuuza, akakirudisha ndani. Shamba lake halikupata hata tuta moja. Kwa mjane wa uwandani huo ni mwaka mzima wa kuomba chakula, na nani angempa?

Baada ya wiki tatu shangazi alikuja kutoka Chanji, mjini, akamchukua. Bibi aliondoka na kikapu kimoja. Baba alimsindikiza hadi barabarani akiwa ameshika kile kikapu, wakazungumza habari za mbuzi.

Nilimtembelea Chanji nilipokuwa kidato cha pili, nikisoma bweni. Alikuwa amekonda, anauza ndizi mbele ya nyumba ya shangazi, na majirani wa kule walimwita bibi kama bibi yeyote. Nilipiga magoti nikamwambia. Nilikuwa nimejiandaa miaka mitatu kwa maneno hayo, na yalikwisha kwa pumzi moja.

Aliendelea kupanga ndizi.

"Nilijua tangu siku ya msiba," alisema. "Waliyarudia mbele yangu, nikajua si ya kwangu, ni ya kitoto. Mtoto kazi yake kusema. Niliyemngoja aseme ni baba yako."

Akanipa ndizi mbili za njiani, akaniuliza kama shuleni tunapewa blanketi. Alifariki mwaka uliofuata, akazikwa mjini, mbali na babu. Baba alifika siku ya mazishi, akalia kuliko wote, na watu walimshika mabega wakisema ni mtoto aliyempenda mama yake. Na alimpenda. Sijawahi kulitilia shaka hilo, na ndilo linalonitisha.

Sasa baba ni mzee, na ninaishi naye. Kila asubuhi namwamkia, namkorogea uji, namsogezea kiti juani. Mara nyingine hunitazama kwa muda mrefu, kisha huniuliza kama siku ile nilipokwenda Chanji mama yake alisema lolote juu yake. Namjibu kwamba alisema nimsalimie.