Kibuyu cha Munkoyo Kilimani

Katika miaka ile Wabelgiji walipokuwa wakijenga Base, kambi yao ya kijeshi, mji wa Kamina huko Kongo ulikuwa na mambo mawili kila sikukuu ya Bikira Maria ya mwezi wa nane: misa kubwa asubuhi, na mara baada ya misa, mashindano ya baiskeli kwenda Base na kurudi hadi stesheni. Na kila mwaka Wenceslas alitoka mbio kama mwizi anayefukuzwa, akawaacha wenzake wote. Lakini wakati wa kurudi, akifika kwenye kilima kimoja nje ya mji, macho yaliingia giza, miguu ikalegea, akashuka na kukaa kando ya barabara, amekumbatia baiskeli yake. Watu wakampa jina: Nusu-Njia. Na wenye midomo mirefu wakakiita kilima chenyewe hivyohivyo.

Mkewe Kyabu alilisikia jina hilo sokoni, kisimani, hata mlangoni mwa kanisa. Alicheka pamoja na wengine, maana huwezi kugombana na mji mzima. Moyoni lilimchoma, kwa sababu alijua mumewe anaanguka kwa ajili ya nani.

Alipokuwa akimzaa Banza, mtoto wao, damu ilikataa kukatika. Wenceslas alipiga magoti katikati ya uwanja wa hospitali, watu wakimtazama, akalia kwa sauti na kumwahidi Mama Maria kwamba mke wake akipona, atapokea komunyo kila sikukuu yake, bila kukosa hata mwaka mmoja. Kyabu akapona. Ahadi ni deni. Na zamani zile mwenye kutaka komunyo hakutia kitu kinywani tangu saa sita ya usiku, hata tone la maji. Basi mtu huyu alitoka kanisani mkavu kabisa, akapanda baiskeli. Juu ya hayo, waendesha baiskeli wa Kamina waliamini kwamba tumbo tupu ndilo jepesi, kwa hiyo hata jioni ya kuamkia mashindano Wenceslas alimega tonge moja la bukari, ugali wa kwao, akasukuma sahani. Alifunga kwa ajili ya Mama Maria, kisha akafunga tena kwa ajili ya upumbavu.

Mwaka mmoja ikatangazwa kwamba aliyefikisha miaka arobaini hatapokelewa tena. Wenceslas alikuwa na thelathini na tisa, amebakiza mbio moja tu.

"Basi batanizika na ile jina," alisema, akipangusa mnyororo wa baiskeli. Alisema kwa kucheka, lakini Kyabu hakucheka.

Kesho yake Kyabu alikwenda kwa Sauda, mke wa mfanyabiashara mmoja wa asili ya Maniema aliyeuza chumvi na samaki wakavu wa Lualaba. Akamweleza yote.

"Ee, dada," Sauda akamjibu, "siye tunafunga mwezi muzima, na bwana yangu anabeba mifuko ya chumvi kila siku. Haanguki. Juu ya nini? Juu anakula muzuri mbele ya kufunga. Na akifungua, haanzi na bukari. Anaanza na maji na kitu ya sukari, kidogo kidogo. Kufunga haiko kujiua."

Jioni ya kuamkia sikukuu Kyabu alipika bukari ya kutosha, na sombe, majani ya muhogo yaliyoungwa kwa karanga, na samaki wa Sauda. Wenceslas akamega tonge lake, akasukuma sahani.

"Unataka nikuwe muzito?"

"Baba Banza, weye njo unatia makaa mu masini ya treni kila siku. Masini inapanda kilima na tumbo tupu?"

Maisha yote ya kazi ya Wenceslas yalikuwa hayo, kulisha moto wa treni kwa sepetu. Akaivuta sahani tena, akala mpaka mkia wa samaki.

Asubuhi, misa ilipotoka, Kyabu alikuwa akimngoja na ndizi mbivu na kibuyu cha munkoyo, kile kinywaji cha mahindi kisicholevya, ametia asali na chumvi kidogo. Wenceslas akarudi nyuma. Mtu mzima kula amesimama njiani, kama mbuzi!

"Mbele ya bantu? Hapana, Mama Banza."

Filimbi ikalia, akaondoka. Kyabu hakubishana naye. Alijitwika kibuyu, akachukua na ndizi, akashika njia ya kilimani.

Alingoja muda mrefu kwenye vumbi na upepo. Wa kwanza wakapita, kisha wengine, na mwishowe Wenceslas akaja, maana aliowaacha mwanzoni walikuwa wamempita njiani. Chakula cha jana kilikuwa kimemfikisha juu kuliko miaka yote, lakini sasa nguvu zilimwishia. Akashuka, akakaa. Kyabu akamsogezea kibuyu.

"Bantu banaona," akanong'ona.

"Baone. Siku nilikuwa nakufa, weye ulilia mbele ya bantu bote, haukusikia haya. Minyi pia sina haya. Kunywa, bwana yangu."

Wenceslas alimtazama mkewe. Kisha akanywa, kidogo kidogo, kutoka mikononi mwake, na machozi yakachora njia kwenye vumbi la mashavu. Akala ndizi aliyomenyewa kama mtoto. Wawili waliopita walimcheka, naye akaendelea kutafuna. Nguvu zilipomrudia, alipanda baiskeli akapotelea upande wa pili wa kilima.

Kutoka pale, stesheni haionekani. Kyabu alipumzisha miguu, kisha akaanza kurudi polepole, akimwomba Mama Maria. Hakuwa amefika mbali alipoona baiskeli inakuja kutoka mjini, na juu yake mumewe. Moyo ukamwanguka. Kumbe ameshindwa tena, na mara hii ndiyo ya mwisho.

"Umeangukia wapi?" akauliza.

"Sikuanguka. Nilifika ku stesheni, nyuma ya bantu mingi, lakini nilifika." Wenceslas alikuwa akihema na kucheka pamoja. "Banauliza, mbona unageuza baiskeli? Nikabaambia, safari haiyaisha, muke wangu iko ku kilima."

Akashika usukani kwa mkono mmoja, kwa mwingine akapangusa vumbi kwenye kiti cha nyuma.

"Panda," akasema.

Kyabu akapanda, kibuyu kitupu mapajani, wakashuka pamoja kwenda nyumbani.