Duara Nyekundu Kwenye Miti Yangu

Nilitunza bustani ya miti miaka thelathini na minne. Mtu akisikia bustani anafikiri maua. Ile ilikuwa miti mitupu, imeletwa kutoka huku na huko, kila mmoja na kibao chake cha bati. Vibao sikuvihitaji. Miti niliijua kwa gome, kwa harufu ya jani ukilisugua, na kwa kuiuguza ilipokuwa midogo.

Kazi yangu kubwa ilikuwa mbegu. Mti ulionyooka, usio na ugonjwa, naupiga duara nyekundu kifuani. Maana yake huyu ni mama, mbegu zitoke kwake, asiguswe. Kopo na brashi sikumpa mtu, ndiyo maana wakaniita Mama Rangi. Mama hao walifika kumi na wawili.

Kusoma nilikuwa sijui, na sikutaka ijulikane. Barua ikija, nasema miwani nimeiacha nyumbani. Miwani yenyewe sijawahi kuwa nayo. Marehemu mume wangu alikuwa akinisomea. Alipofariki, binti yangu akataka kunifundisha, nikamwuliza nani kamzaa mwenzake.

Akaja msimamizi mpya, akanipa karatasi. "Mama, kuna miti mibovu inakatwa kesho. Soma, kama kuna neno useme leo."

Nikaigeuzageuza, nikatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa, nikatia sahihi. Jina langu niliweza kuliandika. Karatasi nikaikunja mfukoni, nakala akabaki nayo.

Asubuhi nikasikia msumeno wa mashine. Nikajua ni ile mibovu ya getini, nikaendelea kufagia. Halafu nikasikia kishindo upande wa juu. Mbio. Nikaukuta mkangazi, mmoja wa wale mama kumi na wawili, uko chini. Ulikuwa mmoja tu bustani nzima, na matunda yake nilikuwa nayasubiri wiki mbili tu yakomae.

"Shikamoo, mama," akasema fundi wa msumeno.

"Marahaba ya nini! Nani kakutuma?"

"Amri ni moja, mama. Wenye wekundu unaanguka. Na huku tumekuta umeshatupakia, umetupunguzia kazi."

Wenzake wakacheka. Mmoja akawasha msumeno, akaenda kwenye mti mama wa pili.

Msimamizi akafika na nakala yake. "Mama, si ulisoma? Hii si sahihi yako?"

Ulimi ulitaka kusema si yangu. Lakini tukianza kubishania sahihi, miti inaisha. Msumeno ulishaanza kutoa unga.

"Sikusoma," nikasema.

"Unasemaje? Sisikii!"

"Sijui kusoma!"

"Eh? Hebu zima hilo dude!"

Mimi nilishajaza kifua kusema mara ya tatu. Msumeno ukazimika, na sauti yangu ikatoka peke yake kwenye ukimya ule: "SIJUI KUSOMA!"

Wakasikia wote, hadi akina mama wa kitaluni waliokuwa wanaotesha miche. Hao niliwafokea miaka mingi kwa kuchanganya mbegu. Mmoja akasema taratibu, "Kumbe miwani..." Hakumalizia. Afadhali angecheka.

Nikawaeleza duara zangu ni za nini, na miti mama kumi na mmoja ikabaki. Ule wa pili una kovu la msumeno mpaka leo. Kisiki cha mkangazi nilikimwagilia maji mwaka mzima, hakikuchipua. Msimamizi hakunifukuza. Sikumshukuru.

Binti yangu akanifundisha, na mimi nikamgombeza kila siku aliyonifundisha. Haya ninayoandika nimeandika kwa mkono wangu, asije mtu akadhani nimeandikiwa.

Siku nilipoweza, nilitoa ile karatasi sandukuni. Mstari wa kwanza unasema miti mibovu imepakwa nyekundu. Wa pili ulinichukua muda, nikausoma kwa kidole, nikaurudia.

"Mama, kama una miti yenye alama zako nyekundu, tuambie tusiikate."

Walikuwa wameniuliza.