Kristali Moja ya Huda

Siku kompyuta yangu ilipoandika kwamba tumepata, dada yangu Huda alipiga kelele mpaka jirani akaja mbio akidhani kuna msiba.

Mie ndiye sikufurahi.

Nilibaki kwenye kiti, chumba cha nyuma cha duka la vitambaa la mama, Tabata Kimanga, naikodolea macho ile alama kwenye skrini. Ilikuwa imevuka mstari, kweli. Lakini ilivuka kwa kuchechemea.

Ngoja nieleze, maana kazi yenyewe wengi hawaijui.

Huda ni mtafiti wa kichocho. Mnyoo anayeuleta ugonjwa huo ana protini moja ambayo ukilijua umbo lake, unaweza kutafuta dawa ya kuikaba. Wanaitengenezea ndani ya bakteria, wanaisafisha kwenye chujio ambamo inatakiwa inate, wanaiotesha mpaka iwe kristali, kipunje kama chembe ya chumvi. Kristali inapelekwa nje ya nchi kupigwa mionzi. Kinachorudi ni madoa. Maelfu ya madoa.

Shida ni kwamba madoa yanakupa nusu ya habari tu.

Nusu nyingine unaiazima. Unachukua protini ya jamaa yake, ambayo umbo lake linajulikana, unaipachika, unaangalia kama madoa yanakubali. Ni kama kumshonea gauni mtu usiyemwona, kwa vipimo vya ndugu yake.

Wataalamu wanaiita ubadilishaji wa molekuli. Huda alikuwa anafanya kwa mkono, jamaa mmoja mmoja, huku anakonda. Nikakaa chini nikajifunza, nikamuunganishia programu ziwe mnyororo. Moja inatafuta jamaa, nyingine inawapunguza pasipofanana, nyingine inawapachika, ya mwisho inatoa alama. Unabonyeza, unaenda kuswali, unarudi.

Na kila tukirudi, hakuna jibu.

Ijumaa iliyokuwa inakuja kulikuwa na kikao cha wafadhili. Mkuu wa Huda, Dokta Kamugisha, alishamwambia wazi: bila umbo, mradi unafungwa. Na kristali iliyowahi kuota ilikuwa moja tu. Nyingine zote ziligoma.

Tukalegeza masharti, tukaruhusu jamaa wa mbali. Halafu wa mbali zaidi, wale ambao hata kwenye harusi huwaalikagi.

Ndipo alama ikavuka.

"Mazin! Umeona? Umeona, mdogo wangu?"

Simu ilikuwa mkononi. Ameshapiga picha ya skrini, alama pamoja na umbo, ameshamtumia Dokta Kamugisha, na mie sijafungua mdomo.

"Dada, subiri kwanza."

"Nisubiri nini tena?"

"Kuna kipimo kimoja bado."

Akakijua. Nikaona uso unabadilika.

Iko hivi. Ukipachika umbo lisilo lake, picha inaweza kukurudishia kile kile ulichoweka wewe, nawe ukadhani umegundua. Kwa hiyo unang'oa kipande makusudi, halafu unayauliza madoa: hapa palikuwa na nini? Kama umbo ni la kweli, kipande kinajitokeza chenyewe.

Nikang'oa kipande. Tukangoja.

Ukungu mtupu.

"Jaribu kwingine," akasema.

Nikang'oa kwingine. Ukungu.

"Kwingine, Mazin."

"Dada."

"Nimesema kwingine!"

Hakikurudi kitu.

Huda akashuka taratibu akakaa sakafuni, mgongo kwenye majora ya vitambaa. Akasema kwa sauti ndogo, "Alama si imevuka? Basi iache."

"Haijavuka kwa haki."

"Nani ataangalia? Wale wafadhili wanajua kung'oa vipande? Tupite Ijumaa tu, halafu tutarekebisha."

"Halafu watu wataanza kutafuta dawa ya umbo ambalo halipo."

"Nakuomba, Mazin. Nakuomba kama dada yako."

Sikuwahi kumsikia Huda akiniomba kitu. Huda ni wa kuamrisha. Nikashindwa hata kumtazama.

Mama, Bi Badriya, akachungulia, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. "Jirani ananiuliza nani kafa. Nimwambieje?"

"Mwambie bado, mama," Huda akajibu. "Ila nipo njiani."

"Astaghfirullah! Hebu inuka hapo, unanichafulia satini."

Tukacheka, wote watatu. Kisha Huda akaanza kulia, na mama akakaa naye pale pale juu ya satini yake.

Mie sijui kubembeleza. Nikafanya ninachojua. Nikaanza kuupitia mnyororo upya, hatua kwa hatua, nikijiuliza kila hatua inaamini nini bila kupima. Zote ziliamini kitu kimoja. Zote zilitafuta jamaa wa protini ya mnyoo.

"Dada, kuna kitu chochote mnachokiamini tu pale maabara, hamjakipima?"

"Hakuna."

"Kristali yenyewe je? Mlihakikisha ni ya protini yenu?"

Akafuta machozi. "Uzito wa protini tuliyosafisha ulilingana."

"Kristali, dada. Si ulichosafisha."

"Kupima kristali lazima uiyeyushe. Ilikuwa moja, Mazin! Nani angeiyeyusha?"

Akasimama. Nikajua limemwingia kabla yangu.

"Toa hatua ya kwanza," akasema. "Usiipe jina la protini. Chukua vipimo vya kristali, linganisha na kila kristali iliyowahi kuandikwa duniani. Ilete yoyote inayofanana."

Nikakata kiungo cha kwanza cha mnyororo, nikaandika kingine. Haikuchukua hata muda wa chai kupoa.

Ilikuja moja. Nikaipachika. Safari hii alama haikuchechemea, iliruka juu mpaka nikadhani nimekosea kuandika. Nikang'oa kipande.

Kikarudi kizima, wazi, mpaka mikunjo yake.

Hakuna aliyepiga kelele.

Ilikuwa protini ya bakteria. Wale wale waliokuwa wanatumika kama jiko la kupikia. Uzito wake unakaribiana na wa ile ya mnyoo, na kwenye chujio inanata vizuri. Jasho lote lile, Huda alikuwa ameotesha kristali ya sufuria, siyo ya chakula.

"Afadhali ningebaki na ule uongo," akasema.

Usiku ule alimpigia Dokta Kamugisha mara nyingi. Hakupokea.

Ijumaa nilimsindikiza, nimebeba laptopu. Dokta Kamugisha akawasha skrini kubwa mbele ya wageni, na picha ya kwanza ilikuwa ile ile ya Huda. Umbo la uongo, limepakwa rangi.

"Mafanikio ya binti yetu," akasema.

Huda akasimama.

"Dokta, samahani. Hilo siyo lenyewe."

Akaeleza yote, bila kujitetea. Mgeni mmoja, mama wa makamo aitwaye Roshanara, aliyekuwa anawasemea wafadhili, akaweka kalamu chini.

"Kwa hiyo kristali ilikuwa ya bakteria?"

"Ndiyo, mama."

"Na protini ya mnyoo iko wapi?"

Dokta Kamugisha akatazama meza.

Nikamwona Huda anapigwa na jambo ambalo mie wala yeye hatukuwa tumeliwaza.

"Kama kilichonata kwenye chujio ni cha bakteria," akasema polepole, "basi ya kwetu haikunata. Ilipita."

"Ikaenda wapi?"

"Kwenye maji tunayomwaga."

Mtu akacheka. Bi Roshanara hakucheka. "Msiyamwage, basi. Nionyesheni imo, ndipo tuzungumze. Mpaka hapo, fedha zimesimama."

Wakasafisha upya kwa mabaki ya kemikali yaliyokuwepo maabara, safari hii wakayakinga yale maji. Wakapima.

Imo. Tele. Kila mara ilikuwa imo, na kila mara waliimwaga wenyewe kwenye sinki kama maji ya kuoshea vyombo.

Mradi haujafunguliwa rasmi mpaka leo ninapoandika. Wenzake wawili wameshaondoka. Kristali mpya haijaota hata moja.

Nilichojifunza ni hiki: ukiiundia mashine kazi, iachie nafasi ya kukukatalia hata lile unalolijua kwa hakika. La sivyo itakurudishia imani yako mwenyewe, na alama juu yake.

Jana nimempigia Huda kumuuliza kama kuna dalili yoyote.

"Hakuna," akasema. "Lakini mdogo wangu, angalau sasa ninayemsubiri ndiye mwenyewe."