Kiungo Niliyemwacha Raundi ya Kwanza

Kila kiangazi, kabla ya kombe letu la Brussels, makapteni wanne tulikutana kwa kinyozi wa barabara ya Chaussée de Wavre kugawana wachezaji. Zamani kila mtu alichezea kwao, Bukavu kwa Bukavu, Bujumbura kwa Bujumbura, mpaka mwaka ule fainali ilipoishia kwa ngumi. Tangu hapo majina yakachanganywa, kila kapteni akawa anachagua mmoja mmoja kwa zamu. Wachezaji wenyewe walikaa palepale wakisikiliza. Ukiitwa mapema, unatembea kifua mbele mwaka mzima. Ukibaki wa mwisho, hata mkeo atasikia.

Kwa miaka minne nilikuwa nikimchagua kwanza mtu yuleyule: kiungo wetu, Mrundi Mwislamu wa Bujumbura, niliyekaa naye chumba kimoja tulipokuwa wakimbizi wapya. Lakini safari hii kombe liliangukia Ramadhani, mwezi wa Agosti, na jua la Agosti huku halizami mpaka saa tatu usiku. Tangu asubuhi sikutulia. Nilizunguka mtaa wa Flagey mara tatu, nikanunua kahawa, nikaisahau mezani. Nimchague au nisimchague?

Kinyozi, ambaye ndiye aliyekuwa kocha wangu, alininong'oneza hata kabla sijakaa.

"Ule atafunga Ramadhani. Deuxième mi-temps, kipindi ya pili, kiu itamuangusha. Tukamate ule étudiant, ana mbio. Yeye tutamubeba ku tour ya pili."

"Papa, ule ni ndugu yangu."

"Bon, unataka ndugu ao unataka kombe?"

Nilitaka kombe. Nasema kweli, nilikuwa nimechoka kushika nafasi ya pili na kupigiwa makofi ya huruma. Zamu yangu ilipofika nilitaja jina la yule mwanafunzi, haraka haraka, macho yakiwa sakafuni kwenye nywele za watu. Kabla zamu haijanirudia, kapteni mwingine alikuwa ameshamchukua kiungo wangu, tena huku anacheka.

Mambo yalipokwisha nilimfuata nje. Alikuwa amesimama mbele ya duka la vitenge, mikono mfukoni. Nikajitia wema, nikamwambia nilimwonea huruma tu, maana mtu hawezi kukimbia juani na swaumu.

"Mwaka huu sifungi," akasema. "Docteur wangu kule Jette amenikataza. Nina diabète, ugonjwa wa sukari, tangu mwezi wa tano. Mpira hakunikataza. Si ungeniuliza, ndugu yangu?"

Tangu mwezi wa tano nilikuwa nikimpigia simu kila Jumapili, na kila Jumapili nilimuuliza habari za goti lake.