Mbio za Baba Kwenda Ikwiriri

Baba yangu alianza kukimbia akiwa na miaka arobaini na sita, na chanzo kilikuwa petroli. Alikuwa bwana shamba pale Kibiti. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, maduka yalijaa sabuni na redio, lakini ofisi yake iliishiwa hata karatasi. Pikipiki ya kazi iliegeshwa chini ya mkorosho, kuku wakaanza kutaga pembeni yake. Baba akawa anawafuata wakulima kwa miguu. Siku moja alichelewa, akatimua mbio. Alirudi nyumbani shati limelowa, anacheka peke yake, na tangu hapo hakushikika.

Alinunua raba za mtumba, za buluu, akawa anatoka alfajiri kabla ya kazi. Sasa Kibiti mtu mzima hakimbii bure. Mara ya kwanza alipopita mbio kwenye nyumba za mwisho wa mji, wanawake walitoka wamejifunga khanga viunoni, wakamfuata wakiuliza nani kafa. Walipozoea, wakabaki na utani.

"Bwana shamba, simba umemwacha wapi?"

"Anakuja, mama! Fungeni milango!"

Mimi nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, nimerudi likizo na maswali ya kutosha kijiji kizima. Nilimwambia mbio ni mchezo wa watu waliokula wakasaza.

"Baba, unakimbia kwenda wapi hasa?"

"Ikwiriri, siku moja."

"Na ukifika?"

"Narudi na basi."

Nikarudi kwenye kitabu changu, nimeudhika.

Mama alikuwa muuguzi. Hakuwa mtu wa kugombana, ila zile alfajiri zilimchosha, na jioni moja alimwambia baba wazi kwamba nyumba ya watoto wanne haiendeshwi na mtu aliye barabarani. Baba akajibu kwa kiapo. Jumamosi atakimbia mpaka Ikwiriri bila kusimama. Akisimama hata mara moja, raba anazivua na habari ya mbio imekwisha. Akiweza, asiulizwe tena.

"Nani atakuwa shahidi?" mama akauliza.

"Huyu. Hakuna anachokiamini, atafaa."

Basi Jumamosi nikamfuata kwa baiskeli, chupa ya maji imefungwa nyuma. Barabara ilikuwa ya mchanga, na mara nyingi ni mimi niliyeshuka kusukuma huku yeye akizidi kusonga. Kazi ngumu haikuwa mchanga, ilikuwa salamu. Kule humpiti mtu kimya, na bwana shamba anajulikana kila ua. Alijifunza kusalimia akikimbia: "Shikamoo" akiwa mbele ya nyumba, majibu ya hali ya watoto na mpunga akiwa ameshaipita, mengine akiyatupa nyuma ya bega. Mzee mmoja alimfokea kuwa serikali siku hizi inatuma watumishi wasio na adabu. Nilianza kuhesabu hatua zake badala ya makosa yake. Nakumbuka hilo kwa sababu lilinishangaza: nilikuwa nataka afike.

Mabati ya Ikwiriri yalikuwa yameshaonekana mnyororo wangu ulipochomoka. Nilikuwa nimeinama, mikono myeusi kwa grisi, niliponyanyua macho nikamwona bibi amesimama mbele yake barabarani, kapu la muhogo likiwa chini.

"Baba, endelea!" nilipiga kelele. "Nitamtwisha mimi!"

Alikuwa ameshasimama.

Nilipofika nilimkuta ameshika upande mmoja wa kapu, bibi upande wa pili, mikono ya baba ikitetemeka.

"Una homa, mwanangu?" bibi alimuuliza.

"Mbio, bibi."

"Mbio za nini, na mzigo huna?"

Kapu likakaa kichwani. Bibi akamwombea dua, akaondoka zake polepole. Baba alimalizia kipande kile cha njia kwa kutembea, kisha tukapakia baiskeli juu ya basi, tukarudi.

Mama alikuwa anapepeta mchele uani. Aliniuliza mimi, si yeye.

"Alisimama?"

Mimi niliyedai ushahidi kwa kila jambo nilisema, "Hakusimama."

"Nilisimama," baba akasema. "Nilimtwisha bibi mmoja kapu lake. Palikuwa pamebaki kidogo tu."

Mama aliweka ungo chini. Nilitegemea acheke, au amsifu kwa huruma yake.

"Na mimi alfajiri kule kisimani nani ananitwisha?" alisema. "Tangu uanze mbio zako nakaa na ndoo mpaka apite mtu. Siku nyingine nachelewa zamu."

Baba akainama, akaanza kufungua raba. Nilikuwa nalala vizuri mno alfajiri hizo, na katika maswali yangu yote sikuwahi kuuliza maji yanafikaje nyumbani.

Raba zilikaa darini wiki tatu. Kiapo ni kiapo, na baba alikuwa mtu wa hivyo. Kila alfajiri alishuka kisimani na mama, akamtwisha ndoo, akabeba nyingine mwenyewe. Akirudi alikaa mlangoni akitazama barabara, na kwa kazi ya kukaa alikuwa hovyo kabisa: anagonga mguu, anaangalia saa, anaulizia chai ambayo ameshainywa.

Wiki ya mwisho ya likizo yangu mama alitua ndoo ya pili, akapanda kwenye stuli, akazishusha raba na kuzitupa miguuni pa baba.

"Mapipa yamejaa. Nenda basi, unanizibia mlango."

"Na kiapo?"

"Uliniapia mimi. Nimekusamehe."

Alizivaa bila soksi. Tulisimama uani, mama na mimi, tukisikia utani wa majirani ukianza nyumba ya kwanza, ya pili, ukififia kuelekea kusini. Kisha mama akanigeukia, akanipa ndoo iliyobaki tupu, nimfuate kisimani.